Meza ya Chesi: Barua zenu kuhusu ile gemu ya Spassky na Fischer

Toleo lililopita tuliweka gemu ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti na Bobby Fischer wa Marekani, wote baadae mabingwa wa dunia, Mar del Plata kule Argentina, mwaka 1960, na barua zimekuja mpaka mhariri mkuu akaniuliza kama nawalipa watu waandike. Siwalipi. Kwa aliyekosa toleo lile: Spassky alikuwa mweupe, umri miaka 23, Fischer mweusi, ndo kwanza katimiza 17, na gemu ilianza 1.e4 e5 2.f4 (namba ya mbele ni ya hatua, e4 au f4 ni kijumba cha ubao, N ni farasi, x ni kula), yaani Gambiti ya Mfalme, ufunguzi wa kumtoa askari aliwe mapema ili upate kitu, Fischer akala askari, 2...exf4 3.Nf3 g5 4.h4 g4 5.Ne5, na baada ya hatua 29 Fischer akanyoosha mikono. Haya, twende kwenye barua.

Kaka mambo. Mi chesi nimejifunza kwa simu tu, sijawahi kukaa na mwalimu. Kila mahali naambiwa usimguse yule askari wa f mwanzoni maana unamuacha mfalme uchi. Sasa Spassky ambaye alikuja kuwa bingwa wa dunia anamsogeza hatua ya pili tu! Nielewe vipi?
*Msomaji wa Tandika, Dar es Salaam*

Poa kaka. Ulichoambiwa ni kweli na Spassky alikijua kuliko mimi na wewe. Ukisogeza askari wa f unafungua ule mstari wa mshazari kutoka e1 mpaka h4, malkia wa mweusi akifika h4 ni cheki, na mfalme wako hana pa kujificha. Ndo maana hatua ya tatu mweupe anatoa farasi kwenda f3, kazi yake ya kwanza ni kumzuia malkia asije h4.

Sasa kwa nini ujitie kwenye shida hiyo? Kwa sababu ya vitu viwili. Askari mweusi wa e5 akila pale f4 ameacha katikati ya ubao, we unapata kusogeza d4 na katikati inakuwa yako. Halafu njia ya f, yaani safu nzima ya vijumba vya f, inafunguka, na ukishamhamishia mfalme pembeni, ngome yako inatazama f7, kijumba ambacho mwanzoni mwa gemu kinalindwa na mfalme peke yake. Unatoa askari mmoja, unanunua nafasi na muda. Basi. Sio uchawi, ni biashara, na kama biashara zote kuna siku inakula kwako.

Ni ufunguzi wa zamani sana, padri Mhispania Ruy López aliuandikia kwenye kitabu chake cha 1561. Karne ya 19 kila mtu aliyejiona mkali aliucheza, ile gemu maarufu ya Anderssen na Kieseritzky pale London 1851, ambayo mweupe alitoa ngome mbili na malkia na bado akamfunga mwenzie, ilianza hivi hivi kwa f4. Huyo Kieseritzky ndo jina lake limebaki kwenye njia aliyoicheza Spassky, farasi kuingia e5 baada ya g4. Baadae watu wakajifunza kujilinda, wakajua unaweza kula askari halafu ukamrudisha wakati unaokufaa wewe, na wakubwa wengi wakaachana nao. Kwa hiyo mwaka 1960 kumchezea Fischer gambiti hii kwenye mashindano makubwa ilikuwa kama kwenda harusini na kanzu ya babu: watu wanacheka kwanza, halafu wanaona imekukaa vizuri.

Na angalia mwanzo wa gemu yenyewe uone vita ya askari ilivyo. Hatua nne za kwanza za kila upande, yaani miendo minane jumla, saba ni ya askari na mmoja tu ni wa farasi. Fischer naye hakujifungia ndani, alipandisha g5 kumlinda askari aliyekula, Spassky akamgonga na h4, Fischer akasukuma g4 kumfukuza farasi. Wote wawili wamevunja ukuta wa upande wa mfalme kabla hata ya hatua ya tano.

Kaka mhariri, nimeicheza gemu yote ubaoni na mume wangu. Kuna mahali mweusi ana askari wawili zaidi, sisi tukasema Fischer kashinda hii. Mwisho anashindwa yeye! Tumebishana mpaka chai ikapoa. Kosa lilikuwa wapi?
*Dada wa Kisauni, Mombasa*

Dada yangu hii ndo barua niliyoisubiri, na pole kwa chai.

Mmehesabu sawa. Baada ya hatua ya 16, Fischer alipokula c3, mweusi ana askari sita, mweupe wanne. Na sio kwamba Spassky alikuwa na mpango wa siri. Ufunguzi ulimuendea Fischer vizuri tu: alimla askari wa e4 kwa farasi hatua ya 7, halafu hatua ya 10 akapiga c5 akamvunjia Spassky katikati yake. Ukiniuliza mimi, pale mweusi ndo yuko vizuri zaidi, na mtu akikwambia Spassky alishinda kwa sababu ya Gambiti ya Mfalme muulize ameiangalia mpaka hatua ya ngapi.

Ila askari wawili hao wana bei. Mfalme wa Fischer amekaa upande ambao askari wa g hayupo tena. Hatua ya 15 malkia wa Spassky anakuja g4, anamtazama mfalme huyo, na bishopu akienda h6 patakuwa pabaya. Fischer anajibu f5, anamfukuza malkia. Ni jibu la kijana mwenye haraka, linafukuza kweli lakini linazidi kumvua mfalme nguo, na yule askari wa f5 mwenyewe anakuwa mzigo wa kulinda. Kumsogeza mfalme h8 kwanza kungekuwa na utulivu zaidi.

Halafu njoo hatua ya 19, mimi napapenda sana hapa. Spassky anakula d6 na bishopu wake. Fischer anarudisha bishopu wake f8, hatua inaonekana kama ya woga, kumbe amefungua njia ya g na ngome yake ya g8 sasa inamtazama malkia wa Spassky aliyekaa g3, na papo hapo bishopu wa d6 naye yuko hatarini. Vitu viwili kwa mpigo! Nyie mngefanya nini hapo? Spassky alimtupa bishopu e5 kwa cheki, farasi akamla, malkia akamla farasi kwa cheki tena, akatoka salama. Ngome ya Fischer ikaja g7 kuziba, Spassky akamla yule askari wa f5 na ngome, Fischer akala h4 na malkia kwa cheki. Vumbi likitulia mnahesabu tena: mweusi wanne, mweupe watatu. Bado Fischer yuko mbele kwa askari mmoja, kumbukeni hilo.

Sasa kosa. Hatua ya 23 Fischer alikuwa na njia ya kumpeleka malkia g3 na kulazimisha wabadilishane malkia, mchezo ungeelekea sare na angeondoka na nusu pointi yake. Akaenda g4, alitaka zaidi. Sio kosa la kufa hapo hapo lakini ndo mlango ulipofunguka, maana malkia wakibaki ubaoni mfalme wa h8 ndo anaumia, sio wa mweupe. Hatua ya 25 ngome ya Spassky inakuja e4 inampiga malkia, anakwenda g5. Hatua ya 26 malkia wa Spassky anasogea d4, anaibana ngome ya g7 kwenye ule mstari wa mshazari unaokwenda mpaka kwa mfalme. Kumbe ngome iliyobanwa haiwezi kumlinda yule bishopu wa e7. Hapo ndo Fischer akacheza ngome f8, na hapo ndo gemu ilipokwenda. Bishopu angerudi f8 angeendelea kupumua. Spassky akaingiza ngome e5, malkia anapigwa, bishopu anatazamwa, kila mtu wa Fischer ana kazi mbili. Ngome d8, malkia mweupe e4, malkia mweusi h4, na ngome ya Spassky ikaja f4. Malkia akiondoka bishopu wa e7 hana ulinzi wa kutosha. Fischer hakusubiri kuonyeshwa, aliacha hapo.

Kwa hiyo ubishi wenu naumaliza hivi: mumeo akisema ufunguzi ndo ulimuua Fischer amekosea, na wewe ukisema kosa lilikuwa moja tu nalo la hatua ya 26 nakupa nusu. Kosa kubwa ni la 26, ila hatua ya 15 ndo ilimuacha mfalme wake katika hali ambayo kosa lolote baadae linakuwa kubwa.

Shikamoo anko. Niko kidato cha tatu. Rafiki yangu anasema kompyuta imeshaimaliza Gambiti ya Mfalme, imethibitishwa mweupe anapoteza, kwa hiyo kuicheza ni ujinga. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako ameokota kitu cha Aprili Mosi bila kujua. Mwaka 2012 tovuti ya chesi ya ChessBase ilitoa mahojiano na Vasik Rajlich, yule aliyetengeneza Rybka, programu ya kompyuta ya kucheza chesi, akieleza kwamba kwa kutumia kompyuta nyingi sana wameutatua ufunguzi huu wote, mweupe anapoteza kwa kila njia isipokuwa moja, bishopu kwenda e2 hatua ya tatu, hapo anapata sare. Imeandikwa kwa umakini kabisa, watu wazima na akili zao wakaamini, halafu wakatangaza kuwa ulikuwa utani. Ila ndo hivyo, utani ukishaingia kwenye intaneti unazunguka miaka na miaka na kila mwaka unampata mtu mpya.

Ukweli ni wa kawaida zaidi. Programu za siku hizi zinampa mweusi faida baada ya f4, sio ya kushinda moja kwa moja lakini ipo, mweusi akijua anachofanya. Huyo mweusi anayejua anachofanya ndo swali. Kwenye dakika tano shuleni kwenu yuko wapi huyo? We cheza, ila usije ukaniandikia tena useme mhariri aliniambia nitashinda.

Mhariri, Fischer alilipiza au aliishia hivyo?
*Msomaji, Kampala*

Kwanza kwenye mashindano yale yale hakuumia sana. Walimaliza wa kwanza wote wawili, Fischer na Spassky, kila mmoja pointi 13½ kati ya 15, wamemuacha David Bronstein, Msovieti mwingine, wa tatu kwa pointi mbili nzima. Fischer alipoteza gemu hiyo moja tu.

Lakini moyoni ilimkaa. Mwaka uliofuata, 1961, akaandika makala kwenye jarida moja la chesi la Marekani akatangaza kwamba Gambiti ya Mfalme imekwisha, mweupe anapoteza. Dawa yake haikuwa g5 ya haraka kama aliyoicheza Argentina bali kutanguliza askari d6 hatua ya tatu, mpaka leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Na ujanja wake ni mdogo mzuri: askari akiwa d6, baadae ukipiga g5 na mweupe akajibu h4 halafu we g4, yule farasi hawezi tena kurukia e5. Kwenye njia moja maarufu anarudi g1 alikotoka, eti hatua ya sita! Yaani Fischer aliangalia kilichomuuma, akakizibia tundu.

Makala yenyewe ilikuwa na hasira kuliko ushahidi, huo ni mtazamo wangu. Anayeamini ufunguzi umekufa hauchezi, na Fischer aliucheza! Kwenye ubingwa wa Marekani wa 1963/64, ule alioshinda gemu zote 11, alimpiga Larry Evans kwa Gambiti ya Mfalme, na 1968 akaitumia tena kule Vinkovci. Alibadilisha kitu kimoja, alitoa bishopu c4 hatua ya tatu badala ya farasi f3, yani hiyo dawa yake mwenyewe ya d6 aliizunguka.

Na Spassky? Kabla ya 1972 walikutana mara tano, Spassky kashinda tatu, sare mbili, Fischer hajamgusa. Halafu Reykjavik 1972 Fischer akachukua ubingwa wa dunia 12½ kwa 8½, hilo mnalijua wote. Ambacho wengi hawakuangalia ni hiki: kwenye gemu zote za Reykjavik ambazo Spassky alifungua e4, Fischer hakujibu e5 hata mara moja. Alicheza Sisiliani, Alekhine, Pirc, hayo ni majina ya njia nyingine za mweusi kujibu e4, chochote ila e5. Ana dawa yake imechapwa jaridani tangu 1961 na hakumpa mwenzie nafasi ya kuijaribu. Wengine watasema ni kwa sababu Sisiliani ndo ilikuwa silaha yake siku zote, sawa, lakini mimi huwa natabasamu nikiliona hilo.

Ni kweli Spassky yumo kwenye filamu ya James Bond?
*Mdau, Arusha*

Yeye hapana, gemu yake ndiyo. Ile filamu ya 1963, mashindano ya chesi ya mwanzoni, ubao wanaoonyesha umechukuliwa kutoka gemu ya Spassky na Bronstein, Leningrad 1960, wakaondoa askari wawili. Nayo Gambiti ya Mfalme! Spassky aliweka farasi d6 akaiacha ngome yake iliwe pale f1. Hiyo tutaichapa yote toleo lijalo, nafasi hapa haitoshi.

Assalaam aleikum sheikh wangu. Nina kijana wa miaka tisa, anapenda kusukuma askari tu, h4, g4, f4, kila gemu, na kila gemu anapoteza. Alipoiona gemu yenu ndo kazidi, anasema mbona Spassky alifanya. Nimkataze?
*Baba, Muscat*

Waaleikum salaam baba. Usimkataze. Mtoto anayeogopa kusogeza askari ni kazi kubwa zaidi kumfundisha kuliko anayesogeza hovyo. Ila hapo kwenye "mbona Spassky alifanya" mbane kidogo, kwa upole. Mchukue gemu ile ile, mkae nayo, na kila askari wa Spassky anaposogea muulize: kete gani imepata njia? f4 imefungulia ngome ya f. d4 imemfungulia bishopu, na hatua ya 8 ni huyo huyo bishopu anayeila f4. h4 imemlazimisha mweusi aseme anataka nini na g5 yake. Halafu mchukueni gemu moja ya kwake aliyopoteza, muulize swali hilo hilo. Atakaa kimya mwenyewe, huna haja ya kumwambia kitu.

Na hatua ya 12 muonyeshe kwa kidole: Spassky ana fujo zote hizo ubaoni, askari wake wa katikati ndo kwanza ameliwa, na bado anasimama kumficha mfalme. Watoto wanaoiga wachezaji wa fujo huwa wanaikosa sana hiyo hatua.

Angalizo moja. Kama anacheza kwa simu usiku kucha dhidi ya watu asiowajua, gemu za dakika moja moja, basi hilo ndo la kukataza kwanza, askari hawana kosa.

Mkuu, mimi nafungwa na jamaa mmoja hapa kazini kwa hiyo f4 yake kila mchana wakati wa lanchi. Hayo ya Fischer na d6 na mahesabu marefu siyawezi. Nipe kitu cha kumtia adabu kesho.
*Aliyechoka, Dodoma*

Haha. Usile. Akicheza 2.f4 we toa bishopu c5, mwache na askari wake. Bishopu huyo anatazama mpaka f2 na kumzuia jamaa asimpeleke mfalme pembeni kwa raha, hilo peke yake litamsumbua maana mpango wake wote unategemea ngome kufika f1.

Sasa jamaa wa aina hiyo, aliyezoea kuliwa f4, ataona e5 yako haina mlinzi na atakula, 3.fxe5. Omba ale! Malkia wako h4, cheki. Mfalme akienda e2, malkia anakula e4 na ni chekimeti, gemu imeisha chai haijaja. Akiziba kwa g3, malkia anakula e4 kwa cheki, akiziba tena we unaichukua ngome ya h1 pale pembeni. Nimeona watu wazima wakinaswa na hii, sio mara moja.

Akiwa mjanja hatakula, atatoa farasi f3. Basi cheza d6 uilinde e5, toa farasi wako f6 na c6, mfiche mfalme, mcheze chesi ya kawaida, hapo hana cha kukutisha zaidi ya unachoweza kumtisha wewe. Akikubadilishia njia nitumie hatua zake kumi za kwanza tuone.